Usijibu Mtu Akigonga Kioo

Uvumi ulimkuta Kazija sokoni Konde, fungu la muhogo mkononi, na tangu siku ile haukumtoka. Aliyeuleta ni Zulekha, muuza kanga, naye kaupata kwenye simu. Alimsogezea simu sikioni, na sauti ya mwanamke asiyejulikana ikasema, kwa pumzi za juu juu, kwamba pale uwanja wa ndege kuna watu wenye gari nyeusi ya vioo vya giza. Wanazunguka kwenye maegesho kutafuta magari yenye watoto. Kioo kikiachwa wazi hata upana wa kidole, wanapenyeza waya, wananyanyua kitasa, na mtoto keshakwenda zake. Kina mama tuwe macho, mrushie na mwenzako.

"Nani kaibiwa?" Kazija aliuliza.

"Mtoto wa mtu wa Kengeja, wanasema. Wengine wanasema wa Wete."

"Jina lake nani?"

"Jina ntalijuaje mie, Kazija? Mtoto kaibiwa, we unauliza jina. Kwani unataka kumposea?"

Wanawake waliokuwa karibu wakacheka, na Kazija akacheka nao. Kisha akaondoka, muhogo akausahau juu ya meza ya kanga.

Akipika, uvumi ulikuwepo. Akifua, ulikuwepo. Alimwuliza mumewe, Mundhir, mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Konde, mtu anayeonana kila siku na madereva wanaotoka Chake. Mundhir akamwambia hajasikia hata mmoja aliyepotelewa na mtoto. "Watu wana simu na hawana kazi," akasema. Kazija aliona kwamba wanaume mambo ya watoto hayawaumi mpaka yawafike mlangoni, akaamua kujilinda mwenyewe.

Alikuwa na watoto wawili. Asya alikuwa darasa la tatu. Haitham alikuwa hajaanza skuli, hata miaka minne hajaitimiza. Akawakalisha ukumbini akawafundisha.

"Mtu akigonga mlango na mie sipo, hamjibu. Mkiwa garini mtu akigonga kioo, hamjibu. Hata akikuiteni majina. Mnashuka chini, mnajifunika kanga gubigubi, mnakaa kimya kama hamumo."

"Na akiwa babu Kificho wa nyumba ya pili?" Asya aliuliza.

"Hata akiwa nani."

Wakaufanya kama mchezo. Kazija alikwenda nje akagonga, watoto wakajificha, akaingia kuwatafuta. Asya kila mara alikamatwa kwa kucheka. Haitham hakucheka. Mtoto yule ukimwambia kaa, alikaa. Siku moja mchezo ulikwisha, Asya akaenda chuoni kusoma Kurani, Kazija akaanza kuosha vyombo, na Haitham akabaki chini ya kitanda na kanga yake mpaka alipoitwa na kutafutwa nyumba nzima. Alipotoka jasho lilimtiririka. Mama yake akambusu kichwa. "Ndo mwanangu. Wewe hawakuwezi."

Baadaye ikaja safari ya Bi Mwanamize, mama yake Mundhir. Moyo ulikuwa ukimpiga vibaya, akichota maji anakaa njiani kupumzika. Mwanawe mkubwa, Thuwein, anayeishi Dar es Salaam, akamtafutia daktari huko na akamkatia tiketi ya ndege huko huko kwa simu. Bi Mwanamize hakuwa na hofu ya ndege wala ya daktari. Hofu yake ilikuwa Haitham. Mtoto alilala chumbani kwake tangu alipoachishwa ziwa, na bibi yake akienda hata msibani, alikaa kizingitini akilia mpaka arudi.

"Asinione nikiondoka," Bi Mwanamize alisema. "Mtoto akimlilia msafiri, safari inakuwa nzito. Na mie moyo wenyewe ndo huu."

"Hatakuona, mama," Kazija alimjibu. "Tutakwenda naye, lakini saa ile ya kuagana atakuwa kalala. Mimi ntajua la kufanya."

Siku ya safari Asya alikwenda skuli. Bi Mwanamize akapitishwa chini ya msahafu mlangoni, akatoka kwa mguu wa kulia, wakaingia kwenye Probox ya Mundhir, gari ya zamani ambayo vioo vyake huzungushwa kwa mkono. Nyuma kulikuwa na begi kubwa, kapu la shelisheli, ndoo ya achari, ngisi wakavu waliofungwa kwenye gazeti, na chupa za mafuta ya uto, yale ya ufuta, ambayo Bi Mwanamize alisema Dar hayapatikani, yaliyopo huko yamechanganywa. Haitham alikaa mapajani mwa bibi yake akiulizauliza kila mnazi ni wa nani, na kabla hawajafika Chake akapitiwa na usingizi.

Pale uwanjani palikuwa pamejaa. Kulikuwa na watu wa Umra wanaondoka asubuhi ile, na kila msafiri mmoja kasindikizwa na ukoo. Mundhir alizunguka mara mbili, akaona nafasi chini ya mti wa mkungu, kivuli kizuri, pua ya gari ikatazama ukuta. Mlinzi wa maegesho, mtu mzima aitwaye Rajab, akamsogelea dirishani.

"Salaam aleikum. Hapo utazibwa, ndugu yangu. Gari za shamba, zile za abiria, kutoka Kengeja zinakuja, na wao hupanga nyuma ya wenzao."

"Sikai, mzee. Namshusha mama tu."

"Wote wanasema hawakai," Rajab alisema, akaenda kwa mwengine.

Bi Mwanamize alimshusha mtoto taratibu, akamlaza kwenye kiti cha nyuma. Hakumbusu, aliogopa kumwamsha. Alimtazama tu, akavuta ukaya wake kichwani, akashuka. Mundhir akachukua mizigo, ufunguo akautia mfukoni.

"We kaa na mtoto," alimwambia mkewe. "Nikishamwingiza mama ndani narudi, tunaondoka."

Kazija akakaa. Vioo vilikuwa wazi na upepo ulipita. Kila gari iliyoingia aliikagua. Iliingia moja nyeusi, vioo vyake giza, ikapita polepole nyuma yao, ikaenda kusimama mbali. Hakuna aliyeshuka. Akapandisha kioo cha upande ule.

Simu ikalia. Alikuwa Maisa, dada yake Mundhir, aliyefika kutoka Wete kumsindikiza mama yake.

"Wifi, hebu njoo huku ndani. Mzigo umezidi mzani, wanataka upunguzwe, na mama hataki mwanamme amfungulie begi lake. Mie nina mtoto mgongoni, sijui nishike lipi niache lipi."

"Mundhir je?"

"Yuko kwenye meza kule, kuna maneno ya tiketi. Njoo tu, mara moja."

Kazija alimtazama Haitham. Akimbeba ataamka, akiamka atamwona bibi yake, atalia, na Bi Mwanamize ataondoka na moyo mzito. Akimwacha na vioo wazi, kuna waya. Akakumbuka sauti ya yule mwanamke, zile pumzi zake. Akaanza kuzungusha vioo, kimoja kimoja, mpaka juu. Akajaribu kupitisha ncha ya kidole, haikupita. Milango ya nyuma alikwisha kuiweka ile loki ya watoto, isifunguke kwa ndani, tangu wiki ile ya uvumi.

Haitham akafungua macho nusu. "Unakwenda wapi?"

"Nakuja sasa hivi. Unakumbuka tulivyofundishana?"

"Nijifunike."

"Na mtu akigonga?"

"Sijibu."

"Hata akikwita jina?"

"Sijibu," akasema, na macho yakajifunga tena.

Akamtandazia kanga, akabonyeza vitufe vya milango, akafunga wa mbele kwa kuusukuma na makalio, mikono yake inarekebisha buibui. Chini ya mkungu palikuwa na ubaridi. Alijiambia kwamba hatachukua muda wa kukaanga yai.

Ndani alimkuta Bi Mwanamize kasimama mbele ya meza, kitambulisho mkononi, na karani kijana anamtazama kwa adabu.

"Bi, tiketi imeandikwa Mize Pandu. Kitambulisho kinasema Mwanamize Hafidh Pandu."

"Mize ndo mie. Pemba nzima wananijua."

"Pemba nzima wanakujua, bi, lakini ndege haikujui. Jina lazima lifanane. Aende mtu ofisi ya shirika la ndege mjini akabadilishiwe, muda upo, ndege yenyewe imechelewa kutoka."

Mundhir alikuwa na simu sikioni, anabishana na kaka yake. "Mize, Thuwein? Mama yako umemwandika Mize? Hata cheti cha kifo hakiandikwi hivyo." Maisa akamwambia anyamaze, asitaje vifo mbele ya msafiri.

Akageuka, wakakutana na Kazija mlangoni. "Naingia mjini kubadilisha jina," akamwambia. "Saidieni mizigo." Kazija alifungua kinywa kumwambia kwamba mtoto yumo garini, kisha akaona hakuna haja. Anakwenda mjini, gari ni yake, atamkuta humo humo amelala. Tena afadhali, mtoto atakuwa na baba yake, gari inatembea, vioo viko wazi. Moyo wake ukatua.

Mundhir naye alimwona mkewe mikono mitupu, akamwona Maisa kwa mbali, mgongo umebeba mtoto na wanawake wengine wawili watatu wa ukoo wamemzunguka, watoto wameshikwa na huyu na yule. Akajua Haitham yumo mle. Katika safari zetu mtoto hapotei mikononi, huyu humpa yule na yule humpa huyu. Alipotoka nje alitazama upande wa mkungu, akaona gari ya shamba kubwa imesimama nyuma ya Probox yake, imeipiga kufuli kama Rajab alivyosema. Hata hakuisogelea. Akapunga mkono, bodaboda ikaja, akapanda.

Ndivyo ilivyokuwa. Mama anajua mtoto yuko na baba, baba anajua mtoto yuko na mama, na mtoto yuko garini peke yake, vioo juu, anangoja mtu agonge asimjibu.

Kazija na Maisa wakalifungua begi sakafuni, wakiwa wamelikinga kwa mabuibui yao. Mafuta ya uto yalikwisha kumwagika juu ya nguo. Ofisa wa ukaguzi alisema chupa hazipandi mkononi kwa vyovyote, achari nayo hapana. Bi Mwanamize alitaka kujua shelisheli lina kosa gani.

"Halina kosa, mama, lina kilo," Maisa alisema.

"Thuwein atakula nini?"

"Kwani Dar wanakula mawe?"

Kazija alicheka mpaka akakaa chini. Siku nyingi hakuwa amecheka hivyo. Wakatoa, wakatia, wakatoa tena. Ngisi wakaenda, achari ikabaki. Baadaye Bi Mwanamize akataka kwenda chooni kutia udhu, kisha ikagundulika kwamba dawa zake za moyo zimo kwenye begi ambalo limekwisha kupita, likatafutwa, likarudishwa, likafunguliwa upya. Kila kitu kilichukua muda, na Kazija hakuona tabu. Kichwani mwake Haitham alikuwa mjini na baba yake, pengine kanunuliwa biskuti.

"Mtoto hajaamka?" Bi Mwanamize aliuliza.

"Yuko na baba yake, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Mwambie bibi kaenda kumletea baiskeli."

Nje jua lilipanda. Kivuli cha mkungu kiliondoka kwenye paa la Probox, kikaenda kulala juu ya ukuta.

Mundhir alirudi na karatasi yenye jina kamili. Akampa karani, Bi Mwanamize akaitwa, wakaagana haraka haraka kwa kushikana mikono juu ya kamba ya kuzuia watu, akaingia chumba cha kungojea. Hapo ndipo Kazija alipomgeukia mumewe.

"Haitham umemwacha na nani?"

"Vipi na nani? Si unaye wewe?"

"Si ulikwenda naye mjini?"

"Mie nimekwenda na bodaboda. Gari imezibwa."

Kazija akaanza kukimbia. Maisa anasimulia kwamba alimwona wifi yake akitoka, buibui limeanguka mabegani, na alidhani kaona mwizi.

Mundhir alifika kwanza kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo. Kupitia kioo kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Kwa kitambo kidogo Kazija aliamini kwamba mtoto kaibiwa, na alitamani iwe hivyo muda mrefu baadaye, kwa sababu mtoto aliyeibiwa huenda akaonekana. Mlango ulipofunguka hewa iliyotoka iliwapiga usoni kama ya tanuri la mkate wa mofa. Haitham alikuwa chini, katikati ya viti, kajikunja, kajifunika kanga gubigubi, kama alivyofundishwa. Kanga ilikuwa imerowa. Mwili wake ulikuwa wa moto kuliko homa yoyote aliyopata kuishika, na pumzi zilikuwepo, lakini ndogo, za mbali mbali.

Mtu akaleta maji. Mtu mwengine akasema asimwagiwe, mwengine akasema amwagiwe. Mundhir aliwasha gari, kisha akakumbuka kwamba haitoki. Watu wa Kengeja wakaanza kumwita dereva wao, naye kaenda kunywa chai, hakuna aliyejua wapi. Wanaume wakashika ile gari ya shamba kuisukuma, gia ilikuwa imeingizwa, haikujongea.

Ndipo iliposimama gari mbele yao, mlango ukafunguliwa kwa ndani. "Ingieni," mtu akasema. Alikuwa mwalimu kutoka Wete aliyekuja kumpokea mkewe. Gari yake ilikuwa nyeusi, vioo giza. Kazija aliingia na mwanawe mapajani, hakuangalia rangi. Njia nzima mwalimu yule alibonyeza honi na kusoma dua, hakuuliza hata jina.

Hospitali walimpokea mbio. Walimtia maji, wakampangusa, wakamwekea hewa, wakawatoa wazazi nje. Juu yao ndege ilipita. Baadaye alitoka daktari, kijana mwenye miwani, akamwita Mundhir pembeni, na Kazija aliona mumewe anavua kofia. Hakungoja kuambiwa.

Haitham alizikwa Konde siku ile ile kabla ya magharibi.

Bi Mwanamize alipiga simu kutoka Dar es Salaam alipofika, anataka kusikia sauti ya mtoto. Thuwein ndiye aliyemwambia. Bi Mwanamize hakwenda kwa daktari. Alirudi kwa ndege ya mwanzo iliyopatikana, akaingia nyumbani bila mzigo, akakaa sakafuni karibu na mkwewe.

"Mimi ndo niliyesema asinione."

"Ulisema asikuone, mama. Hukusema afungiwe."

"Basi tuko wawili," Bi Mwanamize alisema, akamshika Kazija mguu, wakakaa hivyo mpaka adhuhuri.

Siku za matanga alikuja Rajab, yule mlinzi, kavaa kanzu. Alikaa ukumbini na wanaume, na alipokuwa anaondoka Kazija alimsikia dirishani akimwambia Mundhir neno kwa sauti ya chini. Kazija akatoka, akamwomba Rajab alirudie.

"Utaumia, bi."

"Nimekwisha kuumia. Sema."

Rajab aliangalia ndara zake. "Nilipita pale. Jua lilikuwa limeshaifika gari, na mie hutazama vioo kwa kuwa watu huacha mbuzi, huacha wagonjwa. Niliona kanga chini. Nikaona kama imetikisika. Nikagonga kioo, nikasema, kuna mtu? Kanga ikatulia kabisa. Nikagonga tena, nikaita, mtoto, mtoto. Haikujongea. Nikasema basi ni nguo, macho yangu tu. Angelia, bi, au angenyanyua hata mkono, ningekivunja kile kioo kwa jiwe."

"Umepata kuona watu wa gari nyeusi?" Mundhir alimwuliza. "Wezi wa watoto?"

"Sijaona. Nimesikia tu, kama nyinyi. Nimefanya kazi pale tangu ndevu zangu nyeusi. Kuku nimewahi kuibiwa. Mtoto sijaona."

Kazija akamshukuru, akarudi ndani. Hakulia mbele yake.

Siku moja baada ya matanga kuvunjwa, jirani alikuja kuchukua sufuria zake. Akapiga hodi, kimya. Akagonga mlango, kimya. Kazija alikuwa uani. Alipoingia ndani alimkuta jirani kasimama kizingitini anashangaa, anasema alimwona Asya akiingia ndani sasa hivi tu. Kazija alimpa sufuria zake, akafunga mlango, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda, akapiga magoti.

Asya alikuwa chini, kajifunika. Safari hii hakuwa anacheka.

"Toka, mwanangu."

Mtoto akatoka. Kazija akamkalisha mbele yake.

"Lile nililokufundisheni si sawa. Nimekosea. Mtu akigonga, unajibu. Ukiwa umefungiwa mahala, unapiga kelele. Unagonga na wewe, unalia, unaita."

"Hata nisiyemjua?"

"Hata usiyemjua."

"Na akiwa mwizi?"

"Ukipiga kelele watakuja wengi. Mwizi hataki wengi."

Akamchukua mpaka kwenye Probox, ambayo Mundhir alikuwa hajaigusa tangu iliporudishwa kutoka uwanjani. Akafungua milango yote, akamwambia aingie akae nyuma, naye akasimama nje akagonga kioo.

"Nipo," Asya alisema.

"Sisikii."

"Nipo humu."

"Sisikii, Asya. Niite kama nimekwenda mbali."

Asya akavuta pumzi, akapiga kelele. Ilitoka nyembamba, kisha ikakua, kisha ikawa kubwa sana, na haikukatika. Majirani walitoka milangoni. Bi Mwanamize alitoka akashika nguzo. Hakuna aliyemwambia mtoto anyamaze. Kazija alisimama pale, kiganja juu ya kioo, akamwacha alie mpaka mwisho.

Na kwa mwenye safari au mwenye kusindikiza, haya ndiyo ya kuepuka:

Usimwache mtoto garini, hata kivulini, hata kwa muda wa neno moja. Kivuli kinahama.

Usifunge vioo vyote na mtu yumo ndani, mtoto wala mzee wala mgonjwa.

Usiegeshe mahala unapoweza kuzibwa. Ukiambiwa na mlinzi, msikilize. Na wewe usimzibe mwenzako, na ukienda kunywa chai, acha ufunguo kwa mtu.

Usiondoke na ufunguo bila kutazama ndani ya gari, hata kama hupandi.

Usidhani mtoto yuko na mwengine. Uliza kwa kinywa, ujibiwe kwa kinywa, umwone kwa macho.

Usikate tiketi kwa jina la nyumbani. Andika lile la kitambulisho, neno kwa neno.

Usitie dawa wala kitambulisho kwenye begi linalopimwa.

Usibebe mafuta, achari na vitu vya majimaji mkononi. Pima mzigo nyumbani kabla hujatoka.

Usisindikize msafiri kwa ukoo mzima. Wanaobaki nyumbani wabaki na watoto.

Usimfiche mtoto asiagane. Mwache alie.

Usirushe kwa mwenzako sauti usiyoijua mwenyewe ni nani.

Usimfundishe mtoto kunyamaza akigongewa kioo.